Tabibu wa Jirani na Timu ya Kituo: Ombi Letu la Mwaka Huu
Hotuba ya Kamati ya Fedha katika harambee ya mwaka



Mwaka huu hatukuleta ramani ya jengo. Hatuombi saruji wala bati. Tunaomba fedha za kuwaunganisha watu ambao tayari wapo: matabibu wenye zahanati zao binafsi, na timu za afya za serikali.

Sisi wa Ufipa tunaijua thamani ya daktari mmoja. Adrian Atiman, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na kusomea udaktari Malta, alifika Karema mwaka 1889. Alitibu watu wa kule mpaka alipofariki mwaka 1956. Sumbawanga kuna hospitali yenye jina lake.

Lakini magonjwa ya leo yanamzidi mtu mmoja. Presha na kisukari vinataka mgonjwa afuatwe mwezi hadi mwezi. Mjamzito anataka kipimo, mkunga, na usafiri usiku.

Sheria ya mwaka 1977 ilizuia tiba binafsi ya faida; mwaka 1991 ikaruhusiwa tena, na matabibu wengi nchini wakafungua zahanati. Watu wanawapenda. Tabibu wa jirani anamjua mgonjwa na ukoo wake, anafungua hata jioni, na pengine anakubali kulipwa baada ya mavuno. Ila mgonjwa wake asipotokea, hana wa kumtuma akamwulizie.

Timu ya serikali ina mkunga, chanjo, maabara, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kupata wahudumu hao zaidi ya 137,000 nchini katika miaka 5. Lakini mhudumu hawezi kumfuatilia mgonjwa ambaye jina lake liko kwenye daftari la tabibu peke yake.

Kwa hiyo tunapendekeza makubaliano ya maandishi kati ya kila zahanati binafsi itakayokubali, kituo cha serikali, na ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya kule Namanyere. Yatakuwa na mambo matatu:

1. Mgonjwa anayepewa rufaa aende na fomu, na fomu irudi na majibu. Akitulia, arudishwe kwa tabibu wake.
2. Kwa ridhaa ya mgonjwa, mhudumu wa jamii apewe jina la aliyekosa kliniki au dawa, amfuate nyumbani.
3. Tabibu na timu wakae pamoja mara moja kwa mwezi kupitia wagonjwa wanaowatia wasiwasi.

Mchango wenu utalipia mafuta ya pikipiki, vocha za simu, fomu na madaftari, na nauli ya mgonjwa asiyejiweza anayepelekwa Namanyere au Sumbawanga.

Kuna watakaouliza: kwa nini fedha za chama zimnufaishe mfanyabiashara? Swali ni halali. Hakuna shilingi itakayoingia mfukoni mwa tabibu. Kila malipo yatakuwa na vocha, stakabadhi na sahihi mbili, na hesabu zitasomwa kwenu kila robo mwaka. Zahanati isiyorudisha fomu kwa robo mwaka mzima itasimamishwa.

Matabibu nao wana hofu yao, kwamba wakipeleka mgonjwa kituoni wamempoteza. Ndiyo maana jambo la kwanza linasema arudishwe. Bila kipengele hicho watamshikilia mgonjwa mpaka hali iwe mbaya, na gharama ya kuchelewa huko inalipwa na familia, kwa kuuza ng'ombe au kwa msiba.

Wakati nao unatusukuma. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Zahanati isiyo na mkataba wa bima hailipwi kwa kumtibu mwenye kadi. Matabibu wetu wakizoea sasa kuweka kumbukumbu safi, watakuwa wamejiandaa kuomba mkataba huo.

Ndugu zetu, jengo tungeweza kulipiga picha. Kazi hii mtaiona kwenye daftari: nani alikosa kliniki, nani alimfuata, na alirudi lini. Tutawaletea daftari hilo mwakani, bila majina ya wagonjwa, mlikague wenyewe.

Mtunza hazina yuko mezani na kitabu cha stakabadhi.