Kaye ya mama wa ndagala

(Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa wanachama, Kalundu, Uvira)



Tumeombwa tuseme juu ya chakula cha wale wanaorudi. Tunajua mnangoja hesabu ya magunia. Hesabu iko kwa katibu, na anayeitaka atamuona mkutano ukiisha. Sisi tunaopita nyumba kwa nyumba na fishi mkononi tunataka kusema juu ya kitu kimoja ambacho fishi haikiulizi. Inauliza umerudi tarehe gani, mko watu wangapi, unalala juu ya nini. Haiulizi: sokoni nani anakukopesha?

Hapa Kalundu karibu hakuna nyumba inayokula bila deni. Tuseme wazi, hata sisi wa mshahara. Ndagala zinavuliwa usiku wa giza. Ekipe zinatoka jioni na taa zao, mitumbwi imefungwa pamoja, wavu katikati, na samaki wanaufuata mwangaza. Mwezi ukijaa, taa haina nguvu, wavuvi wanapumzika, na ndagala zinapanda bei. Mama wa soko anachukua beseni lake pwani asubuhi bila kulipa, anauza, jioni anampelekea bosi wa ekipe pesa yake. Yeye naye amewapa majirani kwa deni, kila mmoja na mstari wake ndani ya kaye. Mvua ikinyesha siku mbili ndagala zikiwa juu ya mchanga, zinaoza, na kaye yote inatetemeka kutoka kwa bosi mpaka kwa mtoto aliyetumwa na sahani.

Kwa hiyo yule mama hakopeshi ovyo. Kwanza anauliza: unakaa parsele ya nani? Baba yako ni nani? Halafu anasikiliza unavyosema.

Hapo ndipo wengi wetu tunashikwa. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu anakuja sokoni anaomba dagaa. Anaomba kisamvu, anaomba mchicha, anauliza kama kuna migebuka. Mama anacheka kidogo. Hapa ni ndagala, ni sombe, ni lenga-lenga, ni mikeke. Samaki ni yule yule, ziwa ni lile lile, lakini neno moja limekwisha kusema umetoka upande gani. "Huyu bado mugeni." Na mgeni analipa kwanza.

Tumbo nalo lina kambi yake. Miaka mingi watu wamekula unga wa mahindi wa mgao, na maharagi, na mafuta ya kopo. Wanarudi, wanakuta bugali wa muhogo uliolowekwa, ukaanikwa, ukasagwa. Wazee wanaufurahia mpaka machozi. Watoto wanausukuma pembeni, wanasema unanata na unanuka. Tumeona nyumba moja inapika sufuria mbili, mahindi ya watoto na muhogo wa bibi, na makala yanakwisha mara mbili. (Bibi anasema watoto watanyooka wenyewe, njaa ni mwalimu. Sisi tunaona baada ya miezi michache amesema kweli, ila miezi hiyo ni mirefu.)

Sasa wanachama wengine wanatuambia: waliobaki wanatudharau, wanatuita watu wa kambi. Tunaomba turudi nyuma kidogo. Kuvuka maji haya hakukuanza na vita. Mwaka 1858 Wazungu wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wakitafuta kujua kama Ruzizi inaingia ziwani au inatoka. Hawakugundua njia, walipita njia ya wachuuzi waliokuwa wakivuka kwa biashara zao. Kiswahili tunachogombania sokoni, dagaa au ndagala, kilizunguka ziwa hili na wachuuzi hao.

Halafu Oktoba 1996 vita viliingia Uvira, na ziwa likawa njia ya kukimbia. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, meli Liemba, ile kuukuu ya Wajerumani iliyozamishwa 1916 na kuinuliwa tena 1924, ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikarudisha watu zaidi ya 75,000. Kati ya walioteremka wakati ule wako waliokimbia tena 1998, vita vilipoanza upya. Kuanzia 2005 HCR ikaanza kurudisha watu kutoka Kigoma, wakiteremkia Baraka. Katika mtaa huu kuna mtu aliyerudi mara mbili na mtu asiyeondoka hata siku moja, na wote wawili wamezika watu.

Na waliobaki nao walikimbia, isipokuwa hawakuvuka. Katikati ya Aprili 2020 mto Mulongwe ulibomoa nyumba na kuua watu usiku mmoja. Mwaka 2024 ziwa lilipanda, likaingia ndani ya nyumba za pwani. Jirani yako aliyetoa godoro lake majini hana karatasi ya HCR wala namba ya kaya. Siku ya mgao anasimama upande wa pili wa barabara akitazama gari letu linashusha magunia. Anakuona wewe, uliyerudi mwezi jana, unabeba. Kesho yake unamwendea kumwomba chumvi.

Gunia lenyewe linafanya safari ya ajabu. Linashushwa mchana, jioni liko dukani. Mama ameliuza kwa bei ya hasara kwa sababu anahitaji unga wa muhogo, makala, sabuni, na pesa ya kitabu cha mtoto. Mwenye duka analiuza kwa bei yake. Hatumlaumu mama. Anafanya hesabu ambayo hata sisi tungefanya. Lakini mfadhili alilipa gunia zima, mama akala nusu.

Ndiyo sababu leo tunaleta ombi. Familia inayorudi ipewe unga wa wiki za kwanza kama kawaida, kwa maana siku ya kwanza hakuna anayekujua. Pesa ya magunia yanayobaki isinunue magunia. Ikae katika sanduku la chama kama dhamana kwa wauzaji watatu wa mtaa: wa unga, wa ndagala, wa makala. Mwanachama mmoja mwenyeji aende na mama sokoni, amtaje jina, ataje parsele, aseme: mukopeshe, chama kiko nyuma yake. Mama akope, alipe mwenyewe akipata. Akishindwa baada ya miezi mitatu, sanduku linamlipa muuzaji, na sisi tunakaa na mama tujue kimetokea nini.

Maneno ya kupinga tumeyasikia. Mfadhili mmoja aliuliza, kwa haki kabisa: risiti iko wapi? Kaye ya soko haina mhuri. Ina majina, tarehe, alama ya kidole, na mistari iliyofutwa kwa kalamu pale deni lilipolipwa. Tunasema kaye hiyo inaonyesha nani alikula nini na nani alilipa, kuliko picha ya watu wamepanga mstari mbele ya gari. Tutainakili kila mwisho wa mwezi, mwenye kaye akikubali, na nakala itatumwa.

Wanachama wengine wanasema watu watakula deni, halafu watavuka Bujumbura au watarudi Nyarugusu. Watakuwako. Watu wa namna hiyo wako hata kati ya waliozaliwa hapa, na soko halijafungwa kwa ajili yao.

Neno gumu zaidi lilitoka kwa mama mmoja wa ndagala, na hatutalipunguza. Alituambia: "Ninyi watu wa chama munalipa muda gani? Bosi wa ekipe ananingoja jioni. Ninyi munangojaga sanyatire tatu." Ana haki. Dhamana inayochukua wiki tano kutoka haimsaidii mtu anayedaiwa leo jioni. Basi ombi letu lina sharti: pesa ya dhamana ikae hapa Kalundu, mikononi mwa watu watatu waliochaguliwa na mkutano, wawili wao wanawake, na mmoja awe mtu asiyewahi kukimbilia ng'ambo. Akiombwa kulipa, sanduku lilipe siku ile ile. Kama wafadhili hawawezi kukubali sharti hilo, ni afadhali tuendelee na magunia, kuliko kumwangusha mama mwenye beseni moja.

Tungeanza na Kalundu peke yake, miezi mitatu, ili tuone kaye katika siku za giza na siku za mbalamwezi. Kimanga na Songo wangoje.

Kura itapigwa leo. Lakini akina mama wa soko wameomba waseme wao kwanza, kwa sababu wameacha mabeseni kwa watoto na mawingu yanashuka kutoka mlimani. Mwenyekiti, tunaomba wapewe nafasi.