Kampuni Iliyoanzishwa na Vibarua

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Sironga)



Hebu toeni noti, zile mpya zilizoanza 2019. Mnaliona hilo jumba refu? Ni KICC ya Nairobi, ghorofa 28. Lilianza kujengwa 1967, na Mzee Kenyatta akalifungua 1973. Michoro ni ya Karl Henrik Nøstvik wa Norway na Mkenya mwenzetu David Mutiso. Waliolijenga ni kampuni ya Solel Boneh.

Kampuni hii haikuanzishwa na tajiri. Mwaka 1921, huko Palestina, chama cha wafanyakazi Wayahudi, Histadrut, kilifungua ofisi ya kuwatafutia wanachama kazi za barabara na ujenzi. Wengi walikuwa wahamiaji wasio na kitu. Mwaka 1924 ofisi ikawa kampuni.

Sasa sikieni vizuri. Mwaka 1927 ilifilisika! Mtaji ulikuwa mdogo, madeni mengi, na uchumi wa nchi ulipoanguka haikuwa na akiba. Iliundwa upya 1935, ikakua, ikavuka mipaka. Kule Ghana, 1958, waliunda kampuni ya ubia: serikali ya Ghana asilimia 60, wao 40. Uganda walijenga jumba la abiria la zamani la uwanja wa Entebbe. Mwaka 1976 wanajeshi wa Israeli walipojiandaa kwenda kuokoa mateka humo, michoro ya jengo ilipatikana kwa kampuni. Mnaona faida ya kuhifadhi karatasi?

Mwaka 1996 kampuni iliuzwa kwa tajiri. Si ya wafanyakazi tena.

Hayo yanatuhusu. Mafundi wetu wanataka kuungana waombe kandarasi ya kujenga madarasa. Ni vyema. Lakini malipo huja baada ya kazi, na simiti, mchanga na kibarua wa leo hawangoji. Kwa hivyo, kabla ya kutia sahihi, jiulizeni:

1. Tuna pesa za kutufikisha hadi malipo ya kwanza?
2. Tukikopa, ni shamba la nani limewekwa rehani, na bibi yake anajua?
3. Risiti na michoro vinakaa kwa nani?
4. Mwanachama akitaka kuuza hisa, atamwuzia nani?

Msipokuwa na jibu la swali la pili, ngojeni kwanza. Kandarasi nyingine itakuja. Shamba likiuzwa halirudi.