KICHOCHEO CHA MAFUTA NA PUMZI YA MFANYAKAZI



Petroli twaiona kila siku, lakini wachache wajua inavyopatikana. Mafuta yatokayo ardhini huchemshwa, na mvuke wake hutengwa: petroli, mafuta ya taa, dizeli. Mwishoni hubaki mafuta mazito. Zamani haya yalivunjwa kwa moto mkali tu. Mwaka 1937, huko Marcus Hook, Marekani, mtambo wa Mfaransa Eugene Houdry ulianza kuyavunja kwa kichocheo cha namna ya udongo, ikapatikana petroli nyingi zaidi, tena bora.

Kichocheo ni kitu kiharakishacho kazi bila chenyewe kuliwa na kazi hiyo. Hata hivyo nacho huchoka. Masizi hukifunika, na madini yaliyomo katika mafuta hukiharibu. Mwisho lazima kitolewe, kitiwe kipya.

Hapo ndipo mtu huitwa. Kichocheo hukaa ndani ya pipa refu la chuma. Aina nyingine zilizokwisha kutumika, zikikutana na hewa, huweza kuwaka zenyewe. Kwa hiyo pipa hujazwa naitrojeni. Naitrojeni haina harufu wala rangi, na hufukuza oksijeni. Hewa tuvutayo ina oksijeni karibu 21 kwa mia. Pahali isipokuwapo, mtu huanguka kabla hajajua ana taabu.

Tarehe 5 Novemba 2005, katika kiwanda cha mafuta huko Delaware City, Marekani, naitrojeni ilikuwa ikipitishwa katika pipa la namna hiyo ili kulinda kichocheo. Wafanyakazi wawili wa kontrakta walikufa: mmoja alizidiwa, wa pili akafa akijaribu kumwokoa.

Kiwanda chetu cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Lakini matangi, mashimo na mapipa ya kuingiwa yako katika viwanda vingi. Basi tushike haya:

1. Asiingie mtu bila karatasi ya ruhusa inayotaja hewa iliyomo ndani.
2. Hewa ipimwe kwa chombo, si kwa pua.
3. Penye naitrojeni, aingiaye apelekewe hewa ya kupumua kwa mpira kutoka nje.
4. Awepo mlinzi mlangoni, naye asiingie kuokoa bila chombo cha kupumulia.

Msimamizi akisema ni kazi ya dakika mbili tu, mwambieni mwakilishi wenu kabla ya kuingia, si baadaye. Kichocheo kikichoka hununuliwa kingine. Mtu hanunuliwi.