Mada: Difu Loki na Uendeshaji wa Gari Kwenye Njia Mbovu



Nimeagizwa nianze na maana, nami nitaipita mbio kwa kuwa wengi wenu, madereva na mafundi, mmekulia gereji. Difu huyaacha magurudumu ya ekseli moja yazunguke kwa kasi tofauti. Moja likiingia kwenye utelezi, nguvu inayofika kwa mwenzake haizidi ile ndogo inayopotea bure. Loki huyafunga yazunguke pamoja. Basi.

Shida yangu ni kona. Gari lenye mita 1.5 kati ya tairi na tairi likipiga duara zima, tairi la nje hutembea mita 9 na ushei zaidi ya la ndani. Loki ikiwa imefungwa, ama tairi liburuzwe, ama hafushafti iumie. Loki ya nyuma hulisukuma gari liende mbele hata ukikata usukani. Ya mbele huufanya usukani uwe mzito kama kuna mtu ameushikilia. Njia ikiinama ubavuni ndiyo balaa: difu ikiwa wazi, tairi moja huteleza na jingine hung'ang'ania, ikifungwa, yote mawili huweza kuachia kwa pamoja, mkia ukashuka bondeni.

Masika moja, njia ya Ifakara kwenda Mlimba, nilikuwa abiria kwenye Land Cruiser pikapu. Tulinasa. Dereva, mzee wa kazi, akaingiza L4, akazungusha swichi hadi loki zote mbili zikashika, tukachomoka kwenye tope huku tukishangilia. Taa ya loki ikabaki inawaka, hakuna aliyeitazama. Mbele kidogo, mahali pakavu, akakata kushoto.

“Mzee, mbona haligeuki?”

Hakuwahi kujibu. Kitu kililia *ka!* chini ya miguu yangu.

Fomu ya ofisi kuhusu uharibifu huo iliandikwa “uzembe wa dereva”. Simnyooshei mtu kidole, na ninajua taratibu zina sababu zake. Lakini kitabu cha gari lile kilikuwa bado kwenye nailoni yake, na kwa Kiingereza. Nimeyasoma maneno hayo matatu, “uzembe wa dereva”, kwenye fomu nyingi mno.

Napendekeza, basi, loki ifunguliwe mara gari linapotoka kwenye tope, kabla ya kona. Isifungwe tairi likiwa linazunguka. Ondoa kwanza mguu kwenye mafuta, la sivyo meno yanatafunana. Kwenye njia iliyoinama ubavuni, fikiri mara mbili. Fundi aijaribu loki kila mwezi kwenye udongo laini, kwa mstari ulionyooka, maana isiyotumika huganda kwa kutu. Madereva wafundishwe kwa vitendo, topeni, si ukumbini kama leo. Loki ifunguliwe kabla ya kona, najua nimeshasema. Na fomu iongezwe mstari mmoja juu ya ule wa uzembe: dereva huyu alifundishwa lini kutumia loki, na nani?