Kuacha Mshahara, Kufuata Mizinga

Karani wa Biharamulo akiacha kazi ili afuge nyuki, jamaa husema amerogwa. Hofu yao ina msingi: mshahara huja kila mwezi, lakini nyuki huweza kuhama mzinga na msimu ukapotea.

Hata hivyo, ajira nayo ina mwisho. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika wilayani Ngara kupitia mpaka wa Rusumo, mashirika ya misaada yaliajiri madereva, wauguzi na watunza stoo. Kambi zilipofungwa, ajira hizo nazo zikaisha. Hata mwajiri mkubwa huondoka: huko Biharamulo, mwaka 2013 mwekezaji aliuacha mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, ukachukuliwa na STAMICO, shirika la madini la serikali.

Kwa hiyo, anayefuata kazi aipendayo tusimkatishe tamaa. Naye asikurupuke: amalize kwanza mkopo unaokatwa kwenye mshahara, aanze na mizinga michache siku za mapumziko, akubaliane na mwenzi wake, aweke akiba ya ada na chakula.

Kuhusu mtaji, sheria ya Tanzania imetenga asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kuwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wenye sifa, jiungeni mkaiombe. Viongozi, hakikisheni inawafikia walengwa.