Adabu ya Kuchukua Silaha Baina ya Watu



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitukuza nafsi ya mwanadamu na akaharamisha kumwagwa damu yake pasipo haki. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni nyinyi na naiusia nafsi yangu tumche Mola wetu kwa siri na kwa dhahiri. Na katika kumcha Mola ni kuchelea mikono yetu isimdhuru asiye na hatia, hata pale ambapo nia yetu ni njema.

Ndugu Waislamu, mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo zito kwa Waislamu wanaoishi Marekani, wakiwamo jamaa zetu waliotoka pwani hii ya Afrika. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba raia ana haki ya kuchukua bastola nje ya nyumba yake kwa ajili ya kujilinda. Zaidi ya nusu ya majimbo yake 50 hayamlazimishi mtu mzima asiye na kizuizi cha sheria kupata kibali kabla ya kuificha bastola nguoni mwake. Basi swali ni hili: mwenye kuichukua, je, aichukue risasi ikiwa imekwisha kupanda chemba, tayari kufyatuliwa, au aiache chemba tupu na risasi zikae katika magazini?

Swali hili halikuzuka bure. Tarehe 29 Januari 2017, Waislamu 6 waliuawa msikitini katika mji wa Quebec, Kanada, baada ya sala ya Isha. Tarehe 15 Machi 2019, watu 51 waliuawa katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, siku ya Ijumaa. Mwenye kuogopa baada ya hayo hakuogopa kivuli. Wala dini yetu haimlaumu mtu kwa kujihadhari. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 102, Mwenyezi Mungu amefundisha sala ya wakati wa hofu: kundi moja lisali na jingine lilinde, kisha wapokezane, na wote wawe na hadhari na silaha zao.

Wanaosema risasi ikae chemba wana hoja yao, nasi tuitaje kwa uadilifu. Wanasema adui hatoi muda. Bastola yenye chemba tupu yataka mikono miwili, mmoja wa kushika kitako na mmoja wa kuvuta chuma cha juu ili risasi ipande; na huenda mkono mmoja umejeruhiwa, au umembeba mtoto. Tena wanasema bastola za siku hizi zina vizuizi ndani yake, hata ikianguka haifyatuki. Hayo yana ukweli ndani yake. Lakini vizuizi hivyo havitambui kidole cha nani kimegusa kifyatulio. Kidole cha mwenyewe, cha mtoto, au ncha ya nguo iliyonaswa, vyote kwa bastola ni kitu kimoja.

Tutazame yaliyotokea. Mwezi wa Novemba 2008, mjini New York, Plaxico Burress, mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, alijipiga risasi pajani kwa bastola aliyokuwa ameichomeka kiunoni; ilimteleza, akaidaka, ikafyatuka. Mwezi wa Disemba 2014, katika duka moja la mji wa Hayden, jimbo la Idaho, mtoto wa miaka 2 alitia mkono katika mkoba wa mama yake, akaikuta bastola, ikafyatuka na kumuua mama yule. Mtoto wa umri huo aghalabu hana nguvu za kuvuta chuma cha juu na kuipandisha risasi. Lakini ikiwa risasi imekwisha kupanda, hahitaji nguvu hizo.

Sasa tuurejee uongozi wa Mtume wetu (S.A.W.). Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alipita msikitini na mishale, Mtume akamwamrisha azishike ncha zake. Na katika Hadithi ya Abu Musa amri hiyo imewaenea wote wapitao na mishale misikitini na masokoni, ili Mwislamu asidhurike. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Jabir kwamba Mtume alikataza upanga kupokezanwa ukiwa nje ya ala. Tena alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, asije Shetani akauteleza mkono wake.

Zingatieni, ndugu zangu. Mtume hakumnyang'anya mtu yule mishale yake. Aliyoyataka ni kwamba silaha isiweze kudhuru ila kwa tendo la makusudi la mwenyewe. Upanga uliomo alani haumkati mtu mpaka uchomolewe. Bastola yenye chemba tupu ni mfano wa upanga huo: kabla ya kudhuru, yataka kwanza mkono uvute kwa kukusudia. Na bastola yenye risasi chemba i karibu zaidi na upanga uliokwisha kuchomolewa.

Mtu aweza kusema, "Nikikosea, Mungu ajua nia yangu." Naam, anaijua. Hata hivyo, katika sura ile ile, aya ya 92, kuua kwa kukosea hakukuachwa hivi hivi. Pana diya kwa jamaa za aliyeuawa, wasiposamehe. Na pana kafara, ambayo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo.

Basi nionavyo, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, mtu wa kawaida aliyeruhusiwa na sheria kuchukua bastola na aache chemba tupu. Adui huenda asimkute umri wake wote. Lakini kila siku ataivaa na kuivua, ataingia msalani, atatawadha, atarukuu na kusujudu. Mtume alisali akiwa amembeba mjukuu wake Umama, na watoto wetu hutupanda migongoni tunaposujudu. Mahali hapo si pa silaha inayongoja kuguswa tu.

Ama ulinzi wa msikiti, wakabidhiwe watu maalumu, wanaojulikana, waliofunzwa na wenye kibali. Wasimame mlangoni wenzao wanaposali, kisha wapokezane, kama tulivyofundishwa katika sala ya hofu. Mlinzi huyo, ambaye macho yake yako kazini na silaha yake imo katika ala iliyofunika kifyatulio, hukumu yake si ya mwenye kusujudu baina ya watoto. Yeye afuate mafunzo ya kazi yake.

Na nyinyi mlioko Tanzania na Kenya, ambako silaha haimilikiwi bila ya leseni, yuko kati yenu askari, mlinzi, au mwenye leseni yake halali. Kwake nasema: urudipo nyumbani, toa magazini kwanza, kisha vuta chuma cha juu, utazame chemba kwa macho yako. Kuondoa magazini peke yake hakuiondoi risasi iliyokwisha kupanda. Na anayedhani kwamba imetoka huweza kumuua mwanawe kwa bastola aliyoiita tupu. Kisha ifungie kwa ufunguo, na risasi zikae mbali nayo. Nanyi vijana, msimwelekezee mtu bunduki kwa mzaha, hata mkiambiwa haina kitu.

Ewe Mola wetu, zihifadhi nyumba zako na wanaosali ndani yake. Tulinde na shari ya maadui zetu, na uwalinde watu na shari ya mikono yetu. Tujaalie tuwe wenye kujihadhari bila ya kudhulumu, na wenye kutegemea kwako bila ya kupuuza.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.