Faini ya Wazee Haimlishi Mtoto

Leo nazungumza na mama anayelea peke yake. Baba uliyeachiwa watoto, usizime redio, sheria inakuhusu pia.

Binti akipata mimba nje ya ndoa, mara nyingi wazee wa pande mbili hukutana na kijana akatozwa faini. Mbuzi au fedha huingia kwa babake binti, na shauri likaisha. Heshima ya ukoo imelindwa, sikatai. Ila mtoto akizaliwa, faini ile haimnunulii sabuni wala daftari. Sheria ya Watoto ya Uganda inasema matunzo ni haki ya mtoto, wazazi wake wawe wameoana au la. Mama anaweza kuyadai tangu akiwa mjamzito hadi mtoto atimize miaka 18. Baba anayelea naye anaweza kumdai mama.

Anzia kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1) au ofisa wa ustawi wa jamii wilayani. Ikishindikana, nenda Mahakama ya Familia na Watoto. Mwandikishe mtoto mapema: sahihi ya baba kwenye daftari la vizazi ni ushahidi mzito. Jumbe za fedha alizokutumia kwa simu, usizifute. Na usichelewe, kwani mwanamume akishavuka Oraba kuingia Kaya, Sudan Kusini, hati ya mahakama humfuata kwa shida.

Upande wa kazi, Sheria ya Ajira ya 2006 humpa mama likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili. Baba hupata siku 4. Vyema kwa mwalimu na nesi. Je, mama anayemenya muhogo mtoto akiwa mgongoni, akauanika, kisha akabeba gunia hadi soko la Koboko, ataiomba likizo kwa nani?

Huyo labda atafaidi mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi (PDM), ulioanza 2022: shilingi milioni 100 kwa parishi, asilimia 30 zikiwa za wanawake. Mkopo hauzidi milioni 1, riba asilimia 6 kwa mwaka. Lakini hutolewa kwa kaya. Mama aliyerudi kwa kaka yake, akiandikwa chini ya kaka huyo, zamu yake itachukuliwa na mwingine wa kaya hiyo. Chifu wa parishi akija kuandikisha, mwambie wazi: unapika chungu chako na kulima shamba lako, uandikwe peke yako.